Siku nane nyuma ya kidege cha gramu nane

Siku ya kwanza. Delhi

Joto la Juni hapa Delhi halimwachi mtu akafikiri. Tumefika kituo cha mabasi cha Kashmere Gate saa kumi na moja jioni, shati limenigandia mgongoni, na dada amekaa juu ya begi lake anafuta darubini kwa ncha ya mtandio. Nitamwita dada tu, maana ndivyo ninavyomwita kila siku, naye ananiita kaka. Yeye ni Mtaita. Amewahi kujitolea Ngulia, ndani ya Tsavo Magharibi, ambako tangu mwaka 1969 watu hukesha usiku wa ukungu wakisubiri ndege wahamao wavutwe na taa za hoteli. Huwanasa kwa nyavu laini, wakawapima, wakawavisha pete mguuni, wakawaachia waendelee na safari. Mimi ni mtu wa Tanga, mwaka wangu wa pili wa masomo India, na kutazama ndege nimefundishwa na yeye.

Tunayemfuata hajazi kiganja. Kitabuni anaitwa Phylloscopus trochiloides. Neno la kwanza limetoka Kigiriki, mtazama majani, na ukimwona kazini utakubali kwamba aliyempa jina alikuwa na macho. Neno la pili maana yake ni anayefanana na trochilus. Huyo trochilus ninamjua tangu utoto bila kujua jina lake: kidege cha kijani kilichochanganyika na manjano, kinafika kwetu kuanzia Oktoba, kinapekua mwarobaini wa uani jani kwa jani, kinaita huu-iit kwa sauti ya kupanda, na Aprili ikiisha hakipo tena. Bibi alikiita mgeni wa vuli.

Ndege hawa wawili ni ndugu wa karibu kwa sura. Mmoja huja kukaa nasi miezi ya baridi ya kwao, mwingine huitumia miezi hiyohiyo India na nchi zilizo mashariki ya India. Nataka kujua kwa nini. Dada anasema jibu limo kwenye ramani ya mahali wanapozaliana, na kwamba ramani hiyo haina mfano wake.

Basi limeondoka saa moja na nusu.

Siku ya pili. Manali

Usiku wa kona. Baada ya Bilaspur dada hakusema neno, ameshika mfuko wa plastiki mkononi na macho ameyafumba. Kulipokucha tulikuwa tunaufuata mto Beas, maji ya rangi ya chuma yakipiga mawe, na hewa ya dirishani ilikuwa ya baridi kiasi cha kunifanya nitafute sweta nililoliweka chini kabisa ya begi. Saa tatu na nusu asubuhi tukashuka.

Mama mwenye nyumba tuliyopanga, tunamwita Mataji kama wanavyomwita majirani, alitupa chai na siddu, mkate wa kuvukizwa wenye ufuta na karanga za msituni ndani yake, akatuamuru tulale. Tukalala hadi alasiri.

Jioni tulitembea hadi msitu wa Dhungri, kwenye hekalu la mbao la Hadimba lililojengwa mwaka 1553. Mierezi iliyolizunguka ni mirefu hata shingo inauma. Mara nikasikia juu kabisa mlio mwembamba wa haraka, nikamshika dada mkono. Akasikiliza, akatikisa kichwa. Ni mtazama majani, ndiyo, lakini ni mwingine, yule mwenye mstari mweupe katikati ya utosi. Huku jamii hii imegawana mlima kama wapangaji wa ghorofa: huyu chini kwenye mierezi, yule kando ya vijito, mwingine karibu na theluji. Wetu yuko juu. "Kaka, utapanda," akasema.

Siku ya tatu. Manali, mvua

Mvua tangu alfajiri. Hakuna kupanda. Nimekaa jikoni kwa Mataji, na humo dada amenieleza jambo lote kwa chapati moja na bakuli la maharage.

Aliiweka chapati katikati ya sinia. "Hii ni Tibet." Uwanda mkubwa, juu, mkavu, bila msitu. Ndege wa msituni hawezi kuishi hapo. Kisha akaanza kupanga maharage kuizunguka. Punje ya kusini, Nepali na mashariki ya Himalaya: hiyo ndiyo trochiloides yenyewe, ya kijivu kidogo. Akasogea magharibi, Himachal, Kashmir hadi Pakistan: ludlowi, ambayo ndiyo tunayoitafuta. Hugh Whistler, Mwingereza aliyekuwa afisa wa polisi Punjab, ndiye aliyeieleza mwaka 1931 na kuipa jina la Frank Ludlow. Akapanda kaskazini kupitia Kirgizia, milima ya Tien Shan, hadi Siberia ya magharibi na kutoka huko akavuta mstari mrefu wa maharage mpaka ukingo wa sinia: viridanus, ambayo imefika hadi Ufini na Estonia. Akarudi kusini akaenda upande wa pili. Sichuan, Gansu, Qinghai: obscuratus. Hapo akaacha nafasi tupu, kaskazini ya Uchina, mahali ambapo misitu mingi ilikatwa zamani. Baada ya nafasi hiyo, plumbeitarsus, yaani mwenye miguu ya rangi ya risasi, kuanzia kaskazini mashariki ya Uchina, Mongolia, Siberia ya mashariki hadi kisiwa cha Sakhalin. Punje ya mwisho ya magharibi na ya mwisho ya mashariki akaziweka zikigusana, karibu na mto Yenisei.

"Sasa tazama," akasema. Ukizunguka chapati kwa upande wowote kuanzia kusini, ndege wa bonde hili anafanana na wa bonde linalofuata, wimbo wake unafanana na wa jirani, wanaoana. Huoni mahali pa kusema hapa pameisha mmoja pameanza mwingine. Lakini ukifika Yenisei, ncha mbili zinapokutana, wanaishi msitu mmoja na kila mmoja anamwona mwenzake mgeni. Dume wa magharibi ukimpigia rekodi ya wimbo wa mashariki hashughuliki. Ni kama hajaitwa yeye.

Nikamwambia hilo mtu wa pwani analielewa bila sinia. Anza Barawa, Somalia, kwa wasemaji wa Chimwiini, teremka Lamu wanakosema mato na yana, pita Mombasa ambako mato bado ni mato, njoo kwetu Tanga, nenda Unguja kwenye macho na jana, endelea Kilwa, vuka mto Ruvuma hadi kwa Wamwani wa kaskazini ya Msumbiji. Kijiji na kijiji wanaelewana. Mchukue mzee wa Barawa umkalishe na mzee wa Ibo, watatafuta mkalimani. Dada akacheka, akasema tofauti ni kwamba pwani yetu imenyooka, hii ya ndege imejikunja mpaka mzee wa Barawa na mzee wa Ibo wamekuwa majirani wa ukuta kwa ukuta.

Wa kwanza kuandika kwamba huenda ndivyo ilivyo alikuwa Claud Ticehurst, mwaka 1938, kwa kulinganisha ngozi za ndege zilizohifadhiwa. Alidhani walianza kusini wakaenea pande mbili. Uthibitisho ulikuja baadaye sana: mwaka 2001 Darren Irwin, Staffan Bensch na Trevor Price walichapisha kipimo cha nyimbo, manyoya na jeni kutoka pande zote za mzunguko, na Manali hii tuliyomo ni moja ya sehemu walizofanyia kazi. Nilipojua hivyo nilitazama mvua dirishani kwa jicho lingine.

Ila dada ni mtu wa kweli, hakuniacha na hadithi iliyonyooka. Mwaka 2014 jeni zao zilisomwa kwa upana zaidi, ikaonekana kwamba mnyororo ulikatika mahali fulani nyakati za nyuma, vikundi vikakaa mbalimbali kwa muda mrefu kisha vikakutana tena, na hata kule Siberia kuna kuchanganyika kidogo. Orodha nyingi za leo zinamhesabu plumbeitarsus kuwa spishi yake peke yake, na vivyo hivyo nitidus wa Kaukazi, kaskazini ya Uturuki na kaskazini ya Iran, mwenye manjano zaidi. Nilimuuliza yeye anahesabu wangapi. Akala Tibet.

Siku ya nne. Juu ya Manali

Tumetoka saa kumi na moja alfajiri, giza bado, mataa kichwani. Njia ya malisho ya Lama Dugh inaanzia karibu na hekalu na haina huruma, inapanda tu. Saa ya kwanza ni mierezi na wale wenye mstari wa utosini. Kwenye kijito cha kwanza tukasikia sauti tano za filimbi, zikishuka moja baada ya moja, wazi kuliko kelele za maji. Dada akaandika: mwenye mdomo mkubwa. Yeye hukaa kando ya maji na wimbo wake hauchanganywi na wa mwingine yeyote.

Mierezi ikapungua, ikaja mialoni na misonobari myeusi yenye ndevu za kuvumwani. Pumzi ikawa fupi. Nilikuwa nimeanza kuhesabu hatua ishirini, nasimama, ishirini, nasimama. Tulipofika zaidi ya mita 3,000 nikaona kidege kwenye tawi la chini, kijani, unyusi mweupe, nikasema kwa nguvu: huyo! Dada akamtazama muda mrefu. Mistari miwili kwenye bawa, na manyoya ya ndani ya bawa yana kingo nyeupe. Ni mtazama majani mwingine, aitwaye wa Hume, jirani wa ghorofa ya juu. Nikajisikia vibaya kwa sababu nilikuwa na uhakika kabisa.

Wetu tulimsikia kabla ya kumwona. Tsi-lii! Silabi mbili, kali, kama ndege mtikisa-mkia akiruka juu ya maji. Nikakumbuka maelezo ya sinia: hawa wa magharibi na kusini huita silabi mbili, yule wa miguu ya risasi huita tatu, chi-wi-ri. Kisha wimbo. Mfupi mno. Sauti kadhaa za juu zikirudiwa haraka, kama mtu anayetikisa funguo ndogo, kimya, halafu tena zilezile. Alikuwa kwenye ncha ya msonobari, na kwa dakika kumi sikuona ila kivuli kinachohama. Mwishowe akashuka usawa wa macho yetu, hatua saba kutoka nilipopiga goti.

Nimekaa nikifikiri nieleze vipi uzuri wa ndege asiye na rangi ya kujivunia. Mgongo ni kijani kilichofifia, tumbo jeupe lililochafuka, unyusi mrefu unaoanza juu ya mdomo ukapita jicho hadi karibu na kisogo. Mstari wa bawa ni mmoja, na mwezi huu wa Juni manyoya yameshalika kwa kazi, mstari umebaki kama uzi. Mdomo wa chini ni wa rangi hafifu ya waridi. Urefu ni kama kidole changu kirefu na nusu, uzito gramu nane hivi. Alikuwa anapekua majani kwa namna ileile ya mwarobaini wa nyumbani, kichwa upande, chini ya jani, juu ya jani, bawa likipepea kidogo kila anaporuka. Machozi yalinilenga, sikuona haya.

Dada alikuwa na rekodi za Siberia kwenye simu. Nilimuuliza kama tujaribu kumpigia tuone atakavyofanya. Akakataa kabisa. Ni msimu wa viota, dume akihangaika na adui asiyekuwepo anapoteza muda wa kulinda na kula, na waliofanya majaribio hayo walikuwa na swali la kujibu, sisi tuna hamu tu. Tukarekodi wimbo wake kimya kimya, nyimbo thelathini na moja.

Tukiwa tunashuka, jike alivuka njia na kuvumwani mdomoni, akaingia kwenye kingo ya udongo chini ya mizizi. Kiota chao hujengwa chini, kimefunikwa kama tanuri dogo, mlango ubavuni. Hatukusogea. Tulizunguka kwa juu ingawa palikuwa na utelezi.

Siku ya tano. Manali

Magoti yamekataa. Asubuhi nzima tumekaa barazani na spika za masikioni tukigawana, sikio moja moja. Kwanza wimbo wetu wa jana. Halafu rekodi za viridanus kutoka Urusi, upande wa magharibi: mrefu zaidi, umejaa mambo. Halafu plumbeitarsus: nao mrefu, nao umejaa, lakini umepangwa kwa namna nyingine. Pande zote mbili za chapati wimbo umerefuka kadiri ndege walivyokwenda kaskazini, ila kila upande umerefuka kwa njia yake. Nilisikiliza mara nyingi nikiwa nimefumba macho. Mara ya sita niliweza kutaja ni yupi bila dada kuniambia, na alinipigia makofi.

Siku ya sita. Lahaul

Gari la abiria hadi ng'ambo ya mlima. Zamani njia ilikuwa kuvuka Rohtang, karibu mita 4,000, na theluji ikianguka watu wa Lahaul walifungiwa karibu nusu mwaka. Tangu Oktoba 2020 kuna njia ya chini ya mlima, Atal, kilomita tisa. Unaingia upande wa Kullu kukiwa na ukungu na misitu inayodondosha maji, unatoka dakika kumi baadaye kwenye dunia nyingine: mawe, anga kavu ya buluu, mashamba ya viazi na njegere, na miti michache iliyopandwa kando ya mifereji. Mvua za masika ya India hukwama nyuma ya milima ile.

Tuliposhuka Sissu tuliwakuta wachungaji wa kabila la Gaddi na kondoo na mbuzi wengi wamepumzika. Mzee mmoja alitueleza, dereva akitafsiri, kwamba majira ya baridi wako chini Kangra na kila kiangazi huvuka milima kuleta wanyama kwenye majani ya huku. Aliuliza tunatafuta nini. Dada akamwonyesha picha kwenye simu. Akasema videge hivyo vinafika nao, vinaondoka nao.

Na kweli, kwenye mierebi iliyo chini ya maporomoko tulisikia tsi-lii, mara moja, mara mbili. Hatukumwona. Nimemwandika hata hivyo.

Siku ya saba. Keylong

Kichwa kinaniuma kwa sababu ya urefu wa mahali, zaidi ya mita 3,000. Nimetembea kidogo tu hadi mahali pa kuona monasteri ya Kardang ng'ambo ya mto Bhaga, nikakaa juu ya jiwe. Kaskazini mashariki ni milima isiyo na mti hata mmoja, na mbali nyuma yake ni Tibet, chapati yenyewe.

Hapa ndipo swali langu la Delhi lilipopata jibu, na nimeona heri niliandike lilivyonijia. Hawa viridanus wanaozaliana Ufini wangeweza kushuka Afrika kama jirani zao wengi wa msitu uleule. Hawafanyi hivyo. Vuli ya kwao ikifika wanageukia mashariki na kusini, wanapita Urusi na Asia ya kati, wanaingia India kwa upande wa magharibi wa uwanda huu. Sababu inaaminika kuwa ni historia: jamii yao ilienea kutoka mashariki hatua kwa hatua, na kila kizazi kilirudi kwa njia iliyozoeleka. Plumbeitarsus naye anashuka mashariki ya uwanda hadi Thailand na nchi za jirani. Mtoto wa baba wa magharibi na mama wa mashariki angeweza kurithi njia ya katikati, na katikati ni huku ninakotazama, mawe na barafu na upepo. Wataalamu wanalitaja hilo kama jambo moja linaloweza kuwa limezitenga zile ncha mbili.

Sasa mgeuze. Trochilus wetu wa mwarobaini ana kikundi kinachozaliana mashariki ya mbali ya Siberia, upande wa Chukotka, karibu kuitazama Alaska. Jina lake yakutensis. Thailand iko karibu naye kuliko sisi. Watafiti waliwafunga ndege hao vifaa vidogo vya kupima mwanga, na mwaka 2018 wakachapisha matokeo: kilomita kama 13,000 kwa safari moja, kuvuka Asia yote, mpaka Afrika Mashariki. Ndege wa gramu kumi. Kumbe mahali fulani Asia, mwezi wa Septemba, yule wa Ufini anayekwenda India na huyu wa Chukotka anayekuja kwetu wanapishana njiani.

Nilipomsomea dada maneno haya alinyamaza, kisha akasema kuna usiku Ngulia alishika trochilus wa kijivu sana kuliko wengine, akamvisha pete, akamwachia, na hakujua alikuwa ameshika nini.

Siku ya nane. Kurudi

Tumepita tena chini ya mlima saa mbili asubuhi, tukamuaga Mataji, tukapanda basi la jioni. Dada ameketi dirishani safari hii, ametafuna tangawizi na hajaugua. Kwenye daftari tuna ndege wetu wawili kwa hakika, mmoja wa kusikika, kiota kimoja ambacho hatukukigusa.

Alikuwa ameanza kusinzia, nikamuuliza kama mtu wa Tanga asiye na cheti chochote anaruhusiwa kusaidia Ngulia. Akajibu bila kufungua macho kwamba kuna kazi ya kushika taa na ya kuandika namba za pete, na mwandiko wangu unasomeka. Novemba, mwezi ukiwa gizani.

Baada ya Mandi mvua imeanza tena.